Herufi za Risasi Zisiishie Nyavuni

Hivi karibuni, tukiwa katika shughuli za Chama kisiwani Ukerewe, tulipita kwenye mwalo mmoja saa za jioni, wakati wavuvi wa dagaa wanapoandaa taa na nyavu zao kabla giza halijaingia. Kando ya mitumbwi kijana mmoja alikuwa amebandika sufuria kuukuu juu ya mafiga, akiyeyusha risasi ya kutengenezea chubwi za nyavu. Hilo si jambo geni katika visiwa vyetu. Kilichotusimamisha ni mfuko uliokuwa miguuni pake. Ulikuwa umejaa vipande vidogo vya madini ya kijivu, kila kimoja na urefu wa pingili ya kidole, na juu ya kichwa cha kila kipande palikuwa na herufi iliyogeuzwa kama inavyoonekana katika kioo. Tuliokota k, tukaokota w, tukaokota tarakimu ya 7 na alama ya kuuliza.

Tulimwuliza kama anajua vitu vile vilikuwa vya nini.

"Kiongozi, risasi ni risasi," alijibu bila kuacha kukoroga. "Nyavu haziulizi."

Alikuwa amevinunua kwa kilo kutoka kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu mjini Mwanza. Hatukuwa na neno la kumlaumu, kwa kuwa mtu anayetafuta riziki yake ziwani hana wajibu wa kuwa mtunza makumbusho. Tuliomba kipande kimoja, naye akatupa vitano na kukataa fedha. Vipande hivyo viko mezani petu tunapoandika safu hii, na ndivyo vilivyotufanya tuzungumze leo na wananchi wa visiwani, na zaidi na watumishi wa Serikali ambao mihuri yao ndiyo inayoidhinisha mali chakavu kupigwa mnada.

Vipande hivi ni herufi za kupigia chapa. Vimesubuliwa kwa mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni, na vyote, viwe vya herufi kubwa au ndogo, vina kimo kimoja cha milimita 23 na kidogo, ili vinapopangwa pamoja na kupakwa wino viguse karatasi kwa usawa. Kwa karne nyingi karibu kila kilichosomwa duniani kilipita katika herufi za namna hii. Hata hapa kwetu, kabla ya mitambo ya sahani na baadaye kompyuta kuenea, stakabadhi ya pamba, kadi ya harusi, tangazo la mnada na kijitabu cha dini vilianza kwa mtu aliyesimama mbele ya kasha lenye vijumba vidogo vidogo, akiokota herufi mojamoja.

Pengine atatokea msomaji wa kutuuliza: hayo yamepita, yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu historia ya chapa katika Afrika Mashariki ni historia ya shule, na sehemu yake moja ilipita kwenye mwambao huu wa ziwa letu.

Kule Unguja, Askofu Edward Steere na wenzake wa misheni ya Waingereza waliweka mtambo wa kupigia chapa, na vijana waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa wakafundishwa kupanga herufi. Shule yao ya Kiungani ndiyo iliyotoa Msimulizi mwaka 1888, linalohesabiwa miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Hapo hapo Unguja, Sultani Barghash alikuwa na matbaa yake iliyopiga chapa vitabu vya Kiarabu vya dini na sheria. Mwanzoni mwa karne ya 20, Shule ya Serikali ya Tanga chini ya Wajerumani ilikuwa na karakana ya chapa, na humo gazeti la Kiongozi lilitengenezwa kwa mikono ya wanafunzi. Serikali ile ilikuwa na malengo yake, nayo hayakuwa ya kumkomboa Mwafrika. Lakini mtu akifundishwa kuokota herufi na kuzipanga ziwe neno, huwezi tena kumwamulia ni maneno gani atakayoyapanga kesho.

Upande wetu wa ziwa, Alexander Mackay, fundi mitambo kutoka Scotland, alifika Buganda mwaka 1878, akapiga chapa karatasi za kujifunzia kusoma kwa mtambo mdogo, hata akawa anachonga herufi kwa mkono wake mwenyewe. Alipofukuzwa huko mwaka 1887 alivuka ziwa akahamia Usambiro, kusini mwa Mwanza ya leo, akaendelea kupiga chapa kwa Kiganda mpaka alipofariki mwezi Februari 1890. Ni watoto wangapi wa shule za Mwanza wanaoambiwa kwamba katika nchi ya Wasukuma palikuwa na mtambo wa chapa kabla reli ya kati haijawekewa hata taruma moja? Dini ya mpiga chapa si hoja yetu hapa. Sisi wenyewe tulijifunza alifu na be katika chuo cha Kurani, kwa ubao na wino uliooshwa kila jioni, na twajua kwamba mkono huikumbuka herufi hata pale macho yanapoisahau.

Visiwa vyetu vina haki ya pekee katika jambo hili. Mwishoni mwa mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alipozitaja wilaya sita zitakazotangulia kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika katika mwaka 1971, Ukerewe ilikuwa mojawapo, pamoja na Mafia, Masasi, Kisarawe, Pare na Kilimanjaro. Mwanza ndiyo iliyokuwa makao ya mradi mkubwa wa kisomo chenye manufaa ulioendeshwa na Serikali na UNESCO katika mikoa minne ya ziwa kuanzia mwaka 1968 hadi 1972, ambao vitabu vyake vilifundisha kusoma kwa kutumia pamba, ng'ombe, migomba na uvuvi. Mwaka 1974 likaanzishwa hapa hapa gazeti la Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya wasomaji wapya wa Kanda ya Ziwa. Kwa takwimu za Serikali, watu wazima wasiojua kusoma nchini walikuwa yapata asilimia 67 mwaka 1967, na kufikia mwaka 1986 walikuwa wamepungua chini ya asilimia 10. Kazi ile ilifanywa na walimu wa kujitolea chini ya miembe, lakini haikuwezekana bila karatasi iliyopigwa chapa. Mkulima aliyekuwa akidhulumiwa kwenye mizani alitaka kwanza kusoma mizani, kisha kusoma stakabadhi aliyopewa.

Tena ni Ukerewe hii hii iliyomzaa Aniceti Kitereza. Riwaya yake kubwa aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikakosa mchapishaji, mwaka baada ya mwaka. Ikambidi aifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980, yeye akiwa na umri wa miaka 84. Alifariki mwaka uliofuata. Hatudai kwamba mtambo wa mkono ungeweza kupiga chapa kitabu kikubwa kama kile. Asingepatikana mtu wa kuupanga mzigo huo wala risasi ya kutosha. Tunachosema ni kwamba miaka 35 ni mirefu mno kwa neno la mtu kusubiri.

Baada ya kurudi mjini tulimtafuta mzee mmoja ambaye alikula mkate wake kwa kupanga herufi katika kiwanda kidogo cha chapa. Jina lake tunalihifadhi, kwa kuwa hakupenda kuandikwa gazetini. Alisema ameandika majina ya watu wengi kiasi cha kutosha. Tulimwonyesha vile vipande vitano. Alivipapasa bila kuvaa miwani, akavitaja kimoja baada ya kingine, na hakukosea.

"Mwanangu," alituambia, "herufi zilikuwa zinakuja kutoka Ulaya zimehesabiwa kwa lugha yao. E tele, a za wastani, k na w za kuhesabu. Sasa wewe pangia Kiswahili uone. Kabla ukurasa haujaisha, k zimekwisha."

Jambo hilo hatukuwa tumelifikiria hata siku moja, ingawa tumesoma na kuandika Kiswahili maisha yetu yote. Lugha yetu hula herufi a kuliko herufi nyingine yoyote. Huitaka k na w kila mahali, katika kwa, wa, kuwa, na wakati. Haina kazi na q wala x. Na c hutembea ikiwa imeshikana mkono na h. Mpanga herufi wa Mwanza alikuwa na taabu ya ziada. Katika nchi ya Wasukuma, ambako ng' hupatikana hata katika majina ya watu, kile kialama kidogo cha juu kilikwisha kabla ya vyote. Ilimlazimu apige chapa kurasa chache, azibomoe, arudishe kila herufi katika kijumba chake, ndipo aanze kurasa zinazofuata. Mwanafunzi wa lugha anaweza kuelezwa jambo hili darasani mwaka mzima asilielewe kama atakavyolielewa jioni moja akiwa amesimama mbele ya kasha lisilo na k.

Mzee alitueleza pia namna ya kusoma. Mistari hupangwa kwenye kifaa kidogo cha chuma kinachoshikwa kwa mkono wa kushoto, nayo husomwa kuanzia kushoto kwenda kulia, lakini herufi zikiwa miguu juu. Zikishafungwa katika fremu ya chuma, ukurasa mzima hutazama upande usio wake. Tulipomwambia kwamba sisi tuliotoka vyuoni tulizoea kusoma kutoka kulia, alicheka, akasema vijana wa namna hiyo walikuwa wepesi kufundishika. Hatujui kama alisema kweli au alitaka tu kutufurahisha.

Na ukitaka kuongeza neno moja katikati ya aya? Hapo mzee alinyamaza kidogo. Neno moja likiongezwa, kila mstari unaolifuata husukumwa kwa vidole mpaka mwisho wa aya. Kwa hiyo mhariri aliyemletea masahihisho ya ovyo alipokewa kwa uso usiopendeza, na mwandishi alijifunza kufikiri kabla ya kuleta kazi yake.

Hilo ndilo tunalotaka kulileta mbele ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, pale Malimbe, na mbele ya viongozi wa Mkoa. Eneo lile la Nyegezi limefundisha waandishi wa habari tangu miaka ya 1960, katika chuo cha mafunzo ya jamii kilichoanzishwa na Kanisa Katoliki, ambacho mwaka 1998 kilizaa chuo kikuu cha sasa. Hakuna mahali pengine katika Kanda ya Ziwa panapostahili zaidi kuwa na karakana ya herufi za risasi. Wala jambo hili si la ajabu duniani. Katika Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, wanafunzi wa uchapaji hupanga herufi kwa mikono yao pamoja na kujifunza kompyuta, na Maktaba ya Bodleian ya Oxford ina karakana ambamo wanafunzi wa fasihi hufundishwa namna vitabu vya zamani vilivyotengenezwa, kwa kuvitengeneza. Wao wana makasha yao bado. Sisi yetu yanachemka kwenye sufuria.

Tunaijua hoja itakayotolewa dhidi yetu. Mkuu wa idara atasema kwamba wanafunzi wake hawana kompyuta za kutosha, na gazeti lenyewe sasa husomwa kwenye simu. Je, tumrudishe kijana katika zama za Mackay? Hoja hiyo ni nzito na hatuipuuzi. Kama ingekuwa ni kuchagua kati ya kompyuta moja na mtambo mmoja wa kukanyaga kwa mguu, tungesema nunua kompyuta. Lakini mtambo wa kukanyaga haununuliwi kwa bei ya kompyuta. Unapatikana kwa bei ya chuma chakavu, na baada ya miaka michache hautapatikana kwa bei yoyote.

Pia si kweli kwamba mitambo hii imekufa. Katika mitaa ya katikati ya jiji letu la Mwanza bado kuna wapiga chapa wanaotumia mashine za Heidelberg kutia namba za mfululizo katika vitabu vya stakabadhi, kutoboa mstari wa kuchania, na kukata maboksi. Mashine ni zile zile zilizokuwa zikipiga chapa maneno. Mafundi wanaozijua wapo, ingawa wengi wana mvi. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, ambalo tangu mwaka 1973 kazi yake ni kuwainua mafundi wadogo, linaweza kuombwa kusaidia vipuri na rola. Hatari moja lazima isemwe wazi: risasi ni sumu. Anayeishika lazima anawe mikono kabla ya kula, na asiiyeyushe katika chumba kisicho na hewa. Kijana wetu wa pale mwaloni, tunasikitika kusema, alikuwa na sahani ya ugali pembeni ya sufuria yake.

Kuna sababu nyingine inayotusukuma, nayo ni nzito kuliko hizo zote kwa watu wa visiwani. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora, kilipinduka karibu na gati la Ukara, na watu zaidi ya 220 wakapoteza maisha. Wasomaji wetu wa Ukara hawahitaji kukumbushwa siku zile. Idadi ya waliokufa ilikuwa ikipanda saa baada ya saa, na kila tarakimu iliyotangazwa ilikuwa ndugu wa mtu aliyekuwa bado anasubiri ufukweni. Wakati kama huo mwandishi wa habari anaweza kuandika 86 badala ya 68 kwa kuteleza kidole, na kosa lake likafika Nansio, Musoma na Bukoba kabla hajainua macho. Kulifuta ni rahisi vile vile, na wepesi huo ndio unaomfanya asiogope.

Mpanga herufi naye alikosea. Tena alikosea sana; ndiyo maana palikuwa na prufu, na mtu wa pili wa kuisoma, na wa tatu. Lakini tarakimu yake aliiokota kwa vidole, akaiweka, akaisoma miguu juu, akaipaka wino, akaisoma tena kwenye karatasi. Kila hatua ilimpa nafasi ya kujiuliza kama ni 6 au ni 9, herufi mbili ambazo kwenye risasi hutofautiana kwa namna ulivyozishika tu. Mwanafunzi akifanya kazi hiyo kwa muhula mmoja, akapanga orodha ya majina hamsini ya watu na kuyasahihisha mpaka yasiwe na kosa, hatutarajii atoke akiwa mpiga chapa. Tunatarajia kwamba siku atakapokabidhiwa orodha ya kweli ataona aibu kuituma bila kuisoma mara mbili. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamikia elimu inayotenga kichwa na mikono. Shule nyingi zililielewa jambo hilo kuwa ni jembe tu. Karakana ya chapa nayo ni shamba.

Kazi yenyewe haihitaji kuwa ya mchezo. Kanda hii ina methali, vitendawili na majina ya samaki, ya upepo na ya mawimbi katika Kikerewe, Kijita, Kikara, Kizinza na Kisukuma, ambavyo kompyuta inaweza kuviandika lakini hakuna anayeviandika. Ukurasa mmoja kwa mwanafunzi mmoja, ukipangwa kwa mkono baada ya kusikilizwa kwa mzee wa kisiwa husika na kusomewa tena mzee huyo kabla haujapigwa chapa, ungetosha. Nakala hamsini zipelekwe katika shule ya msingi ya kijiji kile. Kama mzee atasema neno limekosewa, kurasa zibomolewe zipangwe upya.

Sasa tuseme na wenye mamlaka, kwa adabu na bila kuficha. Ofisi za umma, vyama vya ushirika, mashirika ya dini na shule kadhaa zilipata kuwa na mitambo ya chapa. Mingine imekaa ghalani chini ya vumbi, ikisubiri kamati ya kufuta mali chakavu. Kamati hizo hutazama uzito wa chuma na kuandika bei. Tunaomba kwamba kabla mtambo wowote wa chapa au kasha lolote la herufi halijapigwa mnada katika mikoa ya ziwa, chuo kikuu kiarifiwe kwa barua na kipewe muda wa kuja kutazama. Hilo halihitaji fungu la fedha wala sheria mpya. Kwa upande wake chuo kitenge chumba chenye sakafu imara, kwa kuwa mitambo hii ni mizito, kiwaalike mafundi wazee wawili au watatu wafundishe kwa posho inayoeleweka, na kisiwaite kuja kupigwa picha siku ya uzinduzi tu.

Mzee wetu tulimwuliza kama angekubali kwenda Malimbe kufundisha. Hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza kwanza kama makasha yao yatakuwa na herufi a za kutosha. Tulimjibu kwamba makasha yenyewe bado hayajapatikana. Basi akaviweka vile vipande vitano katika kiganja chetu, akatuambia turudi kwa yule kijana wa mwaloni haraka, kabla upepo haujatulia na wavuvi hawajaingia majini, tumwombe mfuko uliobaki.

Tulipiga simu Ukerewe usiku ule ule. Mfuko ulikuwa umekwisha.